Wapata Kiasi Gani? Swali Gumu la Watafiti wa Afya

  Wale waliokwisha kujua kusoma wayafuate maandishi haya mstari kwa mstari. Wale ambao bado wanajifunza herufi wasiwe na wasiwasi. Mwalimu wa darasa atawasomea polepole, na hesabu tutazifanya pamoja.

Maneno ya somo hili ni matano. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mapato ni vitu vyote vinavyoingia katika kaya, vya fedha na visivyo vya fedha. Matumizi ni vile vinavyotumika. Mdadisi ni mtu anayetumwa na watafiti kuja kuuliza maswali. Dodoso ni orodha ya maswali hayo. Zamani iliandikwa katika karatasi, na siku hizi mara nyingi imo ndani ya kishikwambi.

Leo nataka kusema nanyi juu ya swali moja tu katika dodoso. Ni swali fupi, lakini limewasumbua wataalamu wengi duniani. Swali lenyewe ni hili: "Kaya hii hupata shilingi ngapi kwa mwezi?"

MTU WA AFYA ANATAKA NINI NA FEDHA ZETU?

Mdadisi amefika kwako. Amekuuliza watoto ni wangapi, nao hulala ndani ya chandarua au hapana. Ameuliza kama mtoto mdogo alipata homa katika wiki mbili zilizopita. Hayo umeyajibu bila shida. Mara anageukia habari za fedha, nawe unanyamaza. Unajiuliza moyoni: Huyu ni mtu wa afya, au ni mtu wa kodi?

Unayo haki ya kujiuliza hivyo. Basi sikiliza sababu yake.

Mwaka 2017 ulifanyika utafiti wa malaria nchini mwetu. Watoto wa chini ya miaka mitano walitolewa tone la damu kidoleni na kupimwa. Katika nchi nzima, watoto 7 katika kila 100 walionekana kuwa na malaria. Katika Mkoa wa Geita walikuwa 17 katika kila 100. Hiyo ni habari kubwa, lakini haitoshi. Watafiti walipozipanga kaya kwa hali ya maisha, walikuta kwamba watoto wa kaya maskini walikuwa na malaria kuwazidi sana watoto wa kaya zenye mali. Kama wasingeuliza habari za maisha ya kaya, wangeuona ugonjwa, lakini wasingeona unaingia zaidi katika nyumba gani.

Tena kuna jambo la matibabu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inawakumbuka pia watu wasio na uwezo wa kulipia bima, ili wagharimiwe. Ni shauri jema. Lakini nani hasa hana uwezo? Katika kijiji chenye kaya 400, ni kaya 40, au ni 200? Hesabu ikitoka ndogo kuliko kweli, patakuwapo mama atakayefika zahanati na mtoto mgonjwa, naye jina lake halimo.

Basi swali la fedha si la udaku. Nyuma yake kuna dawa, vyandarua na bima. Taabu iko katika kulijibu.

KWA NINI JIBU NI GUMU?

Mtu aliyeajiriwa ofisini hulijibu upesi. Anao mshahara wa kila mwezi, na karatasi ya mshahara inayoonyesha kiasi. Lakini wengi wetu hatuna karatasi hiyo. Sisi ni wakulima, wafugaji, wachimbaji na wachuuzi.

Tuchukue kaya ya mfano katika Wilaya ya Kishapu. Si kaya ya mtu ye yote. Tumeitunga kwa ajili ya hesabu. Ina watu sita. Chukueni penseli.

Kaya hii ilivuna kilo 600 za pamba, ikauza kwa shilingi 1,200 kila kilo. Hiyo ni shilingi 720,000. Lakini dawa ya wadudu, kulimiwa na vibarua viligharimu shilingi 250,000. Toa 250,000 katika 720,000, zinabaki 470,000.

Ilivuna pia magunia 12 ya mahindi. Magunia 2 iliyauza kwa shilingi 70,000 kila moja, yaani 140,000. Magunia 10 iliyala. Yale yaliyoliwa hayakuleta noti hata moja nyumbani, lakini kama kaya ingeyanunua, ingelipa shilingi 700,000.

Mama wa kaya hii huuza nyanya na mchicha mnadani. Faida yake ni shilingi 5,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni shilingi 260,000. Na kijana wao aliyeko machimboni Geita alituma shilingi 60,000 mara tatu, yaani 180,000.

Sasa jumlisheni: 470,000, na 140,000, na 700,000, na 260,000, na 180,000. Jumla ni shilingi 1,750,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa miezi 12, ni karibu shilingi 145,800 kwa mwezi.

Hebu sasa tazameni jinsi swali lile fupi linavyoweza kuharibika. Mdadisi amefika mwezi wa pili, wakati wa kupalilia. Pamba iliuzwa zamani, na fedha zake zimekwisha kwa sare za shule na madeni. Anamkuta baba, anamwuliza: "Mwezi uliopita mmepata kiasi gani?" Baba anajibu: "Hatukupata kitu." Baba huyu hakusema uongo. Lakini katika dodoso imeandikwa sifuri, na kaya hii haiishi kwa sifuri.

Mdadisi mwingine, mwenye busara kidogo, anauliza habari za mwaka mzima. Baba anataja pamba na mahindi yaliyouzwa: 470,000 na 140,000, jumla 610,000. Magunia 10 hakuyataja, maana kwake chakula cha ghala si mapato. Faida ya mkewe haijui, maana nyumbani kwao fedha za mboga ni za mama. Zile za kijana zilipokewa katika simu ya bibi, zikalipia matibabu. Basi dodoso limepata 610,000, nayo kweli ni 1,750,000. Karibu theluthi mbili za mapato zimeachwa nje.

Tazameni tena chakula peke yake. Mahindi yaliyoliwa ni 700,000 katika 1,750,000. Hayo ni mafungu mawili katika kila mafungu matano. Ndiyo maana mdadisi mzuri huuliza mahindi, mtama, mpunga, viazi na michembe mliyokula kutoka shambani kwenu, wala haulizi fedha tu.

MCHIMBAJI NAYE JE?

Twende Nyarugusu au Rwamagasa, katika machimbo ya Geita. Huko shida ni ya namna nyingine. Mchimbaji mdogo mara nyingi hana mshahara. Anafanya kazi katika duara la mtu, na mawe yakipatikana hugawana mifuko na mwenye duara na mwenye leseni, kila mtu kwa fungu lake. Mawe husagwa, hutolewa dhahabu, ndipo fedha zinapoonekana. Mwamba ukiwa mtupu, hapati kitu. Wakati wa kungoja, mara nyingi mwenye duara humlisha, au yeye hula kwa mkopo kwa mama ntilie.

Tufanye mfano mwingine wa kutunga. Mchimbaji amekaa wiki sita bila malipo. Wiki ya saba amepata shilingi 560,000. Wastani wake ni kugawa 560,000 kwa wiki 7, yaani shilingi 80,000 kwa wiki. Mdadisi akija wiki ya tatu na kuuliza habari za wiki iliyopita, ataandika sifuri. Akija mwisho wa wiki ya saba, ataandika 560,000 na kumwona kama tajiri, mara saba ya hali yake. Yule yule mtu, shimo lile lile, majibu mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi.

Na chakula alicholishwa na mwenye duara nacho ni mapato. Deni la mama ntilie nalo halina budi kuhesabiwa. Mapato yake ya wiki ya saba yana wenyewe kabla hayajafika mfukoni.

Katika machimbo hayo ya Rwamagasa, miaka ya 2000, watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walichunguza madhara ya zebaki kwa wachimbaji na jirani zao. Mtu anayechoma zebaki pale anapoishi na kupika huvuta sumu yake pamoja na watoto. Ukitaka kumshauri atumie chombo cha kuzuia moshi huo, lazima ujue kama anaweza kukinunua. Ushauri usiojua mfuko wa mtu hubaki maneno matupu.

NENO "KAYA" NALO LINA MTEGO

Ndugu wanaosema Kisukuma wanajua kwamba kaya ni mji wa mtu: baba, wake zake, wana waliooa, pengine na wajukuu. Katika dodoso neno hilo lina maana nyembamba, yaani wale wanaokula chungu kimoja. Mji mmoja wa Kisukuma unaweza kuwa na kaya tatu za dodoso. Mdadisi asipolifafanua neno hili, baba atataja ng'ombe wa mji mzima, kisha atataja watoto wa nyumba moja tu. Kaya hiyo itaonekana yenye mali nyingi na midomo michache. Basi mdadisi akisema "kaya", mwulize: "Una maana ya akina nani?" Kuuliza si utovu wa adabu.

WATAFITI WANAFANYAJE?

Kwa sababu ya ugumu huu, watafiti wengi wa afya wameacha kuuliza mapato moja kwa moja. Wanazo njia nyingine, nasi tutazitaja tatu.

Njia ya kwanza ni kuuliza matumizi. Mapato huja na kuondoka, lakini watu hula kila siku. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufuata njia hii katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Katika utafiti wa 2017/18, ilionekana kwamba watu 26 hivi katika kila 100 wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya lazima. Njia hii ni nzuri, lakini ni ndefu. Vitu ni vingi, na mjibuji huchoka.

Njia ya pili ni kutazama mali. Mdadisi haulizi fedha kabisa. Anauliza sakafu ni ya udongo au ya saruji, paa ni la nyasi au la bati, maji yanatoka wapi, choo ni cha namna gani, mnapikia kuni, mkaa au gesi. Anauliza kama mna redio, simu, baiskeli, pikipiki, televisheni. Kila kitu hupewa alama yake. Kisha watu wote hupangwa kuanzia alama za chini hadi za juu, na kugawanywa katika mafungu matano yaliyo sawa. Wataalamu Deon Filmer na Lant Pritchett, kwa kutumia takwimu za India, walieleza njia hii katika maandishi yaliyotoka mwaka 2001, na tangu hapo imeenea duniani. Ndiyo inayotumika katika utafiti mkubwa wa afya ya uzazi na mtoto nchini mwetu, kama ule wa 2022.

Njia hii ni ya upesi, na mtu haoni haya kusema paa lake ni la namna gani, maana linaonekana. Lakini nayo ina upungufu. Haisemi kaya ina shilingi ngapi. Inasema tu imesimama wapi katika foleni. Tena haioni taabu ya ghafla. Mvua ikikosekana au duara likijaa maji, bati liko pale pale, lakini chunguni hamna kitu. Na mfugaji mwenye ng'ombe 60 katika nyumba ya udongo isiyo na umeme anaweza kupata alama chache kuliko kijana aliyepanga chumba chenye umeme mjini Geita, mwenye televisheni na deni. Ng'ombe huulizwa, ni kweli, lakini vitu vya nyumbani ndivyo vinavyoinua alama sana.

Njia ya tatu ni kuuliza habari za njaa. Yako maswali matatu yanayotumika katika nchi nyingi. Katika wiki nne zilizopita, je, palikuwa na siku nyumbani hamna chakula cho chote kwa kukosa uwezo? Je, kuna mtu wa kaya hii aliyelala na njaa? Je, kuna aliyekaa mchana kutwa na usiku kucha bila kula kitu?

Maswali hayo yalitumika hapa kwetu Shinyanga. Mwishoni mwa 2013 ulianza utafiti wa watu wazima wapatao 800 walioanza kutumia dawa za virusi vya UKIMWI, ambao kaya zao zilikuwa na upungufu wa chakula. Kundi moja lilipewa ushauri wa lishe tu. Kundi la pili lilipewa ushauri pamoja na chakula. Kundi la tatu lilipewa ushauri pamoja na fedha, shilingi 22,500 hivi kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi sita, kwa sharti la kuhudhuria kliniki. Baada ya miezi sita, waliokuwa na dawa mkononi karibu siku zote walikuwa 63 katika kila 100 wa kundi la ushauri, 79 katika kundi la chakula, na 85 katika kundi la fedha. Mwaona? Mgonjwa alikuwa na nia ya kutumia dawa, ila njaa na nauli vilimshinda. Watafiti waliwapata watu hao kwa kuuliza juu ya njaa, wala si kwa kuuliza mapato ya mwezi.

WALIPOLIPIMA SWALI LENYEWE

Sasa naja kwenye jambo linalowahusu ninyi kabisa, ninyi mnaojifunza kusoma.

Tangu Septemba 2007 hadi Agosti 2008 ulifanyika utafiti wa ajabu kidogo. Haukukusudia kuwapima watu, bali kuyapima maswali yenyewe. Ulifanyika katika kaya zipatazo 4,000, katika wilaya saba za mikoa ya Dodoma, Pwani, Dar es Salaam, Manyara, Kagera na Shinyanga yetu. Wataalamu Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson walitoa matokeo yake mwaka 2012.

Walichukua njia nane za kuuliza matumizi. Katika kila kijiji, kaya ziligawiwa njia hizo kwa bahati nasibu. Kaya nyingine ziliulizwa vyakula 58, kimoja kimoja, kwa siku saba zilizopita. Nyingine ziliulizwa orodha hiyo hiyo kwa siku 14. Nyingine zilipewa orodha fupi. Nyingine ziliandika daftari moja la kaya nzima. Na nyingine, kila mtu mzima aliandika daftari lake mwenyewe kwa siku 14, nao waliofuatwa na mdadisi mara kwa mara. Njia hii ya mwisho ndiyo waliyoichukua kama kipimo cha kulinganishia nyingine.

Walikuta nini? Njia zilitoa majibu yanayotofautiana, ingawa vijiji ni vile vile na wakati ni ule ule. Orodha ilipofupishwa, watu walitaja matumizi machache. Siku zilipoongezwa kutoka saba hadi 14, watu walisahau zaidi. Kaya zilizoulizwa kwa kukumbuka zilitaja kidogo kuliko zile ambazo kila mtu aliandika lake, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa kaya maskini na kwa kaya zenye watu wazima wengi. Maana yake, mtu mmoja hajui wenzake wamekula au kununua nini njiani, shambani na mnadani.

Na penye daftari la kaya, jambo jingine lilionekana: kaya zisizojua kusoma na kuandika zilipungukiwa zaidi katika hesabu zao. Walikula, walinunua, lakini havikuingia katika daftari.

Tulieni kidogo hapo, ndugu zangu. Asiyejua kuandika alionekana katika takwimu kuwa na kitu kidogo kuliko alichokuwa nacho. Huenda mmoja wenu akasema: "Vema, tukionekana maskini zaidi tutasaidiwa zaidi." Sivyo. Hesabu mbaya haimsaidii maskini, kwa sababu inamchanganya na asiye maskini. Pia mwaka ujao njia ya kuuliza ikibadilishwa, itaonekana kana kwamba kijiji kimetajirika, kumbe ni dodoso tu lililobadilika. Dawa na bima zikifuata hesabu hiyo, zitapotea njia.

KUFICHA NA KUONGEZA

Sababu nyingine ya majibu kupotoka ni hofu. Wazee wetu walitozwa kodi ya kichwa siku za ukoloni, na kodi ya maendeleo waliyotozwa watu wazima ilifutwa mwaka 2003 tu. Si ajabu mtu kuficha ng'ombe anapomwona mgeni mwenye kalamu. Wengine hupunguza wakitumaini msaada. Wengine huongeza kwa ajili ya heshima, hasa jirani akiwa amekaa pale barazani.

Basi jueni haya. Kwanza, takwimu za serikali zinalindwa na Sheria ya Takwimu ya 2015. Habari za mtu mmoja mmoja haziruhusiwi kutolewa nje. Pili, utafiti wa afya hauna budi kupata kibali, na NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo yenye kazi hiyo kwa nchi. Tatu, mdadisi hana budi kukueleza utafiti ni wa nini na kukuomba ridhaa. Kama hujui kusoma, fomu ya ridhaa isomwe mbele yako, na shahidi awepo kabla hujatia dole gumba. Nne, unaweza kukataa swali lo lote, au kukataa utafiti mzima, bila kunyimwa matibabu. Tano, kuandikisha watu wa kupewa msaada, kama ilivyofanya TASAF, ni kazi nyingine. Usipange majibu yako kwa kutazamia hundi.

Mwulize mdadisi kitambulisho chake. Uliza kama serikali ya kijiji inajua habari zake. Mwambie mzungumze mahali pa faragha. Na kama swali la fedha ni la baba na mama, waitwe wote wawili, ila kila mmoja aweza kuulizwa peke yake. Mama asiyetaka kutaja fedha za mboga mbele ya mumewe anazo sababu zake, na mdadisi mwema huziheshimu.

DAFTARI DOGO NYUMBANI

Mambo mengine ni ya watafiti kuyarekebisha, wala si yenu. Swali likiulizwa vibaya, kosa si la mjibuji. Lakini liko jambo moja lililo mikononi mwenu, nalo ni daftari.

Nunua daftari dogo. Piga mistari upate nafasi tatu: Tarehe, Kilichoingia, Kilichotoka. Ukiuza debe la dengu, andika. Ukila debe la mahindi ya ghalani, andika pia, na upande wa fedha weka bei ya sokoni ya siku hiyo. Mtoto akituma fedha kwa simu, andika. Ukilipa nauli ya kwenda kituo cha afya, andika. Asiyejua kuandika bado aweke alama: mstari mmoja kwa debe, duara kwa shilingi elfu moja. Alama zake mwenyewe zinatosha, mradi azielewe.

Daftari hili si la mdadisi. Pengine hatakuja kamwe, maana watafiti huchagua kaya chache tu kwa bahati nasibu, kama mpishi anavyoonja mchuzi kwa kijiko. Daftari ni lako. Litakuonyesha kama pamba ilikulipa baada ya gharama, au ulijifurahisha kwa kuona noti nyingi siku moja. Litamwonyesha mchimbaji wastani wake wa kweli. Litaonyesha matibabu yamekula kiasi gani katika mwaka. Na siku mdadisi akija, utamjibu kwa namba, si kwa kukisia.

KAZI YA DARASANI

1. Kila mtu mzima aandike daftari lake kwa siku 14 kuanzia kesho. Mume na mke waandike kila mmoja lake. Mwisho linganisheni jumla. Ni vitu gani mmoja alivijua na mwingine hakuvijua? Asiyetaka kuonyesha lake asilazimishwe.

2. Mchimbaji amekaa wiki nne bila malipo, na wiki ya tano amepata shilingi 300,000. Wastani wake kwa wiki ni shilingi ngapi? Kama anadaiwa 90,000 na mama ntilie, zinabaki ngapi?

3. Kama mngetunga dodoso la kijiji chenu, ni mali gani mngeiuliza ili kuijua kaya maskini? Ng'ombe? Bati? Plau? Simu? Jadilianeni kwa nini.

4. Tajeni mwezi ambao si mzuri kuuliza mapato ya mkulima wa pamba, na mtoe sababu.

Majibu ya swali la pili: wastani ni shilingi 60,000 kwa wiki; baada ya kulipa deni zinabaki shilingi 210,000.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, na mje na madaftari yenu.